Ukurasa wa Sitini na Tatu

Jumatatu, 2 Septemba

Koleta amepanda leo kutoka Same na kishikwambi ndani ya mkoba, amekifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Koleta ni binti wa marehemu dada yangu, na siku hizi anafanya kazi kwenye mradi wa kuhifadhi vitabu vya zamani vya huku milimani. Wanapiga picha kurasa, mashine inasoma zile picha na kuzigeuza maandishi, halafu anatafutwa mtu wa kusahihisha pale mashine ilipokosea. Mtu mwenyewe ndiye mimi. Nilimwambia nimestaafu, niachwe na migomba yangu, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza chai. Miaka thelathini na nane nimesahihisha daftari za watoto. Tangu nistaafu, nasahihisha matangazo ya ubao wa kanisa tu, na mchungaji ameanza kunikwepa.

Kitabu nilichopewa ni kumbukumbu za ndiva yetu. Alikipiga taipu Mwinjilisti Eliamini mwaka 1957, akaeleza jinsi wazee walivyojenga lile bwawa kwa udongo na mawe ili likinge maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi, na jinsi kila siku ya juma ilivyopewa wenyewe. Familia yake ilikitunza darini juu ya moto wa jikoni ili wadudu wasikile. Wadudu hawakukila kweli. Moshi ndio uliokila.

Koleta alinipa sharti moja: niandike ninachokiona, si ninachokijua, na nisipoona niandike "haisomeki". Nilimwambia asinifundishe kazi.

Alhamisi, 5 Septemba

Mashine hii ingekuwa mwanafunzi wangu ingerudia darasa. Kushoto naona picha ya ukurasa, kulia naona ilichosoma, na katikati naona maajabu. Ng'ombe amekuwa namba. Mvua imekuwa mvuja. Babu yangu Stefani, mzee wa kanisa, ameandikwa hivi: "Mzee Shetani aliomba sala ya kufungua maji, watu wote wakaitikia amina." Nilicheka mpaka nikaweka miwani chini. Nimemrudishia babu jina lake.

Jumamosi, 7 Septemba

Kurasa tisa. Mtandao haupatikani ila kwenye lile jiwe nyuma ya kanisa, kwa hiyo natuma kazi nikiwa nimesimama kama mbuzi.

Jumanne, 10 Septemba

Jumanne ni siku yetu ya maji. Imekuwa yetu tangu nipate akili. Mdogo wangu Sadock hufika ndivani kabla ya saa moja, anafungua, anayafuata maji mferejini na jembe begani mpaka yaingie kwenye tangawizi zake. Mabaki yanapita kwangu, kwenye sukumawiki na nyanya. Tangawizi ile ndiyo inayomlisha Sadock na watoto wake, na nikisema kweli inanilisha na mimi, maana mkia wa maji yake ndio bustani yangu.

Saa nne alipita Bibi Naomi, jirani yetu wa chini, na ndoo mbili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba kuchota kwenye mfereji kama anavyoomba kila Jumanne. Shamba lake halina mfereji. Yeye hulima mvua ikinyesha, isiponyesha anangoja. Ana miaka themanini na anaomba maji kwa adabu utadhani anaomba chumvi. Sadock humwambia kila mara achote tu, asiombe. Naye kila mara huomba.

Jumatano, 18 Septemba

Gadiel, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, alikuja kuulizia kitabu. Kamati inataka kusajili zamu za maji serikalini mwisho wa Novemba, na ofisi imewaambia walete ushahidi wa maandishi. Zikishasajiliwa ndivyo zitakavyokaa, wajukuu na vitukuu. Gadiel anasema ushahidi wa kuzidi kitabu cha mwinjilisti hakuna, basi niharakishe ile sehemu ya zamu. Alisimama mlangoni dakika ishirini akinihimiza nisipoteze muda.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimefika ukurasa wa sitini na tatu, ambapo zamu zinaanza. Jumatatu inasomeka vizuri. Jumatano hadi Ijumaa zinasomeka kwa shida. Lakini Jumanne imeliwa na moshi, na Jumamosi nusu yake. Nimeikuza picha mpaka ikawa kubwa kuliko dirisha, naona weusi tu, kama sufuria ya makande iliyosahauliwa motoni. Mashine yenyewe imeandika nukta na alama za kushangaa.

Nilikaa nikiutazama weusi ule. Halafu nikajiambia, sasa hapa pana siri gani? Kila mtu anajua Jumanne ni ya nani, hata mbuzi wa huku wanajua. Nikaandika: "Jumanne ni ya nyumba ya Stefani." Na Jumamosi nikaandika "nyumba ya Isihaka", yaani babu yake Gadiel, maana nayo inajulikana. Nikaweka alama ya kwamba ukurasa umehakikiwa.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimetuma. Koleta amenijibu kwa picha ya mikono ikipiga makofi.

Jumatano, 2 Oktoba

Jua kali. Kijito kimekonda, na ndiva ikifunguliwa inakauka kabla ya adhuhuri. Watu wanatazama mawingu na mawingu hayatutazami. Sehemu ya mila za kujenga ndiva ni tamu kuliko zote, nimesahihisha kurasa kumi na moja bila kuinuka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo tulikuwa na msaragambo wa kuzibua ndiva. Kila nyumba imetoa mtu na jembe, wanaume wakatoa matope, sisi wanawake tukapika makande kwenye sufuria kubwa za usharika. Nilifurahi kama mtoto. Kazi ya pamoja ina utani wake: Gadiel aliteleza akakaa kwenye matope na kofia yake ya mwenyekiti, na hakuna aliyekimbilia kumwinua.

Nilikuwa nachambua maharage na Bibi Naomi. Nikamsimulia kitabu, jinsi nilivyomwokoa babu kutoka kwenye ushetani, akacheka hadi machozi. Halafu akasema, bila uchungu wowote, kwamba marehemu mumewe Aminieli naye alikuwa na hadithi yake ya ndiva. Alipougua mara ya mwisho alikuwa akimwambia, "Naomi, sisi tuna Jumanne yetu mahali. Mama aliniambia." Hakujua ni mahali gani wala mama yake alimaanisha nini, kwa kuwa mama alikufa yeye akiwa mdogo. "Tukajua ni homa," Bibi Naomi akasema, akaendelea na maharage.

Mimi nilishindwa kuendelea. Mwalimu aliyewachapa watoto wa watu kwa kunakiliana majibu alikuwa ameandika jibu bila kulisoma swali.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimejizungusha siku tatu. Nilipalilia kahawa isiyo na magugu. Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya usharika nikaomba kitabu chenyewe, maana Koleta alikirudisha kabatini baada ya kukipiga picha. Nilimwambia karani nataka kuhakiki kitu kidogo.

Nilikitoa nje kwenye jua. Ukikitazama moja kwa moja unaona weusi uleule. Lakini taipu za zamani zilikuwa zinapigwa kwa nguvu, herufi inaacha shimo kwenye karatasi. Nikaulaza ukurasa ubavu, jua likaja kwa pembeni, na herufi zikaanza kuinuka mojamoja. Zilizogoma nikazipapasa kwa kidole upande wa nyuma. Nilitumia karibu saa nzima. Nimenakili kwa kalamu, na nanakili tena hapa ili nisije nikajidanganya baadaye:

"Jumanne ni ya nyumba ya Sifael. Sifael amefariki na mtoto wake Aminieli bado mdogo. Baraza limeiazima Jumanne kwa nyumba ya Stefani mpaka mtoto aweze kushika jembe. Kwa muda huo zamu ya Stefani ya Jumamosi mchana ishikwe na Isihaka."

Basi. Aminieli alishika jembe akiwa na miaka kumi na tatu, akalishika mpaka akafa, na maji hayakurudi. Babu Stefani alifariki mwaka uliofuata kitabu. Baada yake alishika baba yangu. Je, baba alijua? Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Baba alikuwa mtu wa haki, alinifundisha kusoma kwa Biblia yake mwenyewe, na ningependa sana kuamini kwamba alikuta Jumanne mkononi akadhani ni yake, kama mimi. Lakini sijui, na waliojua wamelala wote.

Ningeandika "haisomeki" kama nilivyoambiwa, mtu mwingine angeutafuta ukweli. Mimi nimeuziba kwa mkono wangu na kuweka alama juu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilimwita Sadock nikamsomea. Alisikiliza amesimama. Aliuliza nani mwingine ameona, nikasema hakuna. Akasema, "Dada, mashine imeshindwa, picha imeshindwa. Wewe umeweza kwa kiherehere chako tu. Uache ulivyo."

Nikamwambia Bibi Naomi ananyimwa kilicho chake. Akasema Bibi Naomi hajadai. Nikasema hajadai kwa sababu hajui. Akaniuliza kama nimeitazama tangawizi mwezi huu, imechukua robo tatu ya shamba, na nusu siku ya Jumamosi nyuma ya Gadiel itanywesha nini. Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu, maana ningepaza na yangu. Ana haki ya kuogopa, na hofu yake ni yangu pia, sukumawiki yangu iko kwenye maji yaleyale.

Aliondoka bila kunywa chai. Sadock kuacha chai, hilo sijaliona.

Jumapili, 20 Oktoba

Ibada. Sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Jumanne, 22 Oktoba

Siku ya maji. Bibi Naomi akaja na ndoo zake, akaomba. Nikasema "chota, bibi," nikaingia ndani nikafunga mlango.

Jumatano, 23 Oktoba

Asubuhi hii nilikwenda kwenye jiwe la mtandao nikampigia Koleta, nikamweleza yote, kuanzia weusi mpaka alama ya uhakiki. Nilitegemea anikaripie. Akasema, "Mama mdogo, kumbe hata wewe unahitaji msahihishaji." Nikamwambia nimestahili. Atapanda wiki ijayo na taa ya kupigia picha ukurasa kwa pembeni, ili maandishi yaonekane na asiwepo wa kusema nimeyatunga.

Nimejisikia mwepesi. Nimekula ndizi mbili za kuchoma hapohapo njiani, na mtu mzima huku kwetu hali njiani.

Jumanne, 29 Oktoba

Koleta amekuja, picha imetoka safi. Nimeusahihisha ukurasa upya, herufi kwa herufi. Sadock amenipita mara mbili kwa salamu ya mkato.

Ijumaa, 1 Novemba

Mkutano wa ndiva ulikuwa darasani, shule ya msingi, kwenye chumba nilichofundisha mimi. Nilisimama mbele, pale pale nilipozoea, nikasema kwanza kosa langu: kwamba niliandika nilichokijua badala ya kilichoandikwa, na nilichokijua hakikuwa kweli. Halafu nikausoma ukurasa.

Gadiel alikuwa na kishikwambi mkononi anatazama ile picha, na ukimtazama usoni ungejua ameshaiona Jumamosi yake mchana ikiondoka. Kitabu alichonihimiza mwenyewe! Lakini nimpe haki yake, hakupepesa. Alisema walikiita ushahidi kabla hawajajua kinasema nini, hawawezi kukikataa kwa sababu kimesema.

Bibi Naomi aliketi dawati la nyuma. Aliomba nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza kama jina la Aminieli limeandikwa kabisa, nikampelekea picha nikamwekea kidole chake juu ya jina, ingawa kusoma hakujifunza.

"Kumbe haikuwa homa," akasema.

Nilirudi mbele nikageukia ubao, nikajifanya nautafuta ufutio, maana machozi ya mwalimu hayafai kuonwa na wanafunzi wake wa zamani. Kamati imepitisha: Jumanne ni ya nyumba ya Sifael, na Jumamosi mchana irudi kwa Stefani. Sadock alikuwa ameshatoka.

Jumatatu, 4 Novemba

Mawingu yamejazana juu ya mlima Shengena, yakaondoka.

Jumanne, 12 Novemba

Hapa ndipo palipokuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si kamati wala mimi na elimu yangu. Bibi Naomi ana Jumanne lakini hana mfereji. Shamba lake liko chini ya la Sadock, na njia pekee ya maji kufika huko ni katikati ya tangawizi. Wiki iliyopita ndiva ilikuwa tupu, hatukuligundua. Leo ilijaa. Mlinzi wa ndiva akafungua, maji yakashuka mpaka mpakani mwa Sadock yakasimama, nasi tukasimama tukiyatazama.

Sadock alikuwa kwenye kibaraza chake, hakushuka. Bibi Naomi alinong'ona na mlinzi, mlinzi akageuza maji yakaingia kwenye tangawizi. "Mwambie yasimwagike bure," alisema. "Leo amwagilie yeye." Kisha akachota ndoo zake mbili. Leo hakuomba.

Sadock aliona yote. Alikaa pale kibarazani mpaka maji yakaisha.

Jumatano, 13 Novemba

Sadock kaja kunywa chai.

Jumamosi, 16 Novemba

Niliamshwa na jembe. Sadock anachimba katikati ya shamba lake, kamba imefungwa kwenye vijiti, mstari umenyooka kutoka mferejini mpaka kwa Bibi Naomi. Tangawizi iliyo kwenye njia anaing'oa shina kwa shina na kuiweka kwenye gunia. Nilichukua jembe nikaenda kumsaidia. Nilitaka kumwambia najivunia, lakini namjua, angesusa. Nikamwambia mstari wake umepinda kidogo hapo kwenye jiwe. Akaniambia niende nikasahihishe vitabu.

Tumechimba mpaka saa saba. Mtoto huyu aliyekuwa ananiudhi mwezi mzima, leo nimempenda kama siku niliyombeba mgongoni.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya ibada Sadock alibeba lile gunia la tangawizi kwa Bibi Naomi, la mbegu. Nilimwuliza sababu, akanijibu kwa ukali kwamba chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu, na je, mimi sikulelewa nyumba moja na yeye?

Jumatano, 20 Novemba

Jana ndiva haikujaa. Bibi Naomi hakulalamika, ila amekwishapanda tangawizi yake, mistari mitatu, anaipa maji ya ndoo. Gadiel amepeleka kitabu kusajiliwa, na nakala ya ukurasa wa sitini na tatu imegongwa muhuri.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua ya vuli imeanza leo alfajiri. Imenyesha kwelikweli, mabati yamenguruma, vijito vimerudisha sauti, ndiva imejaa hadi inamwaga pembeni. Nimeketi mlangoni na chai nikimshukuru Mungu, nikijua hakuna wa kuhangaika na zamu siku kama hii.

Saa mbili nikamwona Bibi Naomi anapanda njia ya ndiva na fimbo, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Nikachukua mwavuli nikamkimbilia. Tuliwakuta Gadiel na Sadock juu, wanakagua ukuta. Gadiel akamwamkia, akamweleza kwa upole kwamba leo hakuna haja ya kufungua, mashamba yote yanakunywa, arudi nyumbani asije akaugua.

Bibi Naomi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mvua ni ya Mungu, anampa kila mtu. Mimi nimefuata Jumanne."

Gadiel akanitazama mimi. Sikuwa na cha kusahihisha. Sadock ndiye aliyeshuka, akazibua mlango kwa mikono, na maji yakatoka kwa kishindo. Tukayafuata sote wanne, tumelowa chapachapa, kupita kwenye tangawizi, kwenye ule mfereji mpya, mpaka yakaingia kwenye shamba la nyumba ya Sifael, ambalo tayari lilikuwa limejaa matope.

Bibi Naomi alisimama ukingoni akiyatazama. Zamu ni mpaka saa sita. Sadock alimletea kigoda, akamketisha, akachukua mwavuli wangu akamshikia, na akaushika mpaka saa sita.